Paleti ya rangi ya ganda la kitunguu: jibu langu kwa mpambe wa Iringa

Kamwene, mdogo wangu. Nilisoma swali lako jana usiku, nikalirudia leo kabla sijafungua duka. Unasema umenunua paleti ya rangi tisa za macho, nyingi zikiwa za zambarau iliyofifia. Dada yako ana sendofu hapo Iringa mwezi wa saba na wewe ndiye mpambe. Ngozi yako ni maji ya kunde ya kuelekea kwenye weusi, na umejaribu mara tatu, kila mara ukatoka na macho ya majivu kama mtu aliyetoka kupepeta unga. Wachangiaji wenzangu hapo juu wamekujibu kwamba utafute mtu wa saluni. Mimi nasema jaribu tena mara ya nne, ila kwa mpango mwingine.

Kwanza nijieleze ili usidhani unaongea na bingwa. Mimi nauza daftari na kutoa kopi maeneo ya Mafiati, Mbeya. Mekapu nimejifunza kwa kujiharibu. Jumamosi huwa napamba majirani na wadogo zangu, wakitoa soda sawa, wakitoa ahsante pia sawa.

Paleti yangu ya kwanza ilikuwa hiyohiyo unayoisema, rangi wanayoiita movu. Kama hujui movu ni ipi kati ya hizo tisa, chukua kitunguu maji chekundu, kimenye, uangalie lile ganda jembamba la ndani kabla hujafika kwenye nyama yake. Ni zambarau, lakini imechujuka, ina upinki kidogo na ukijivu kidogo. Ndiyo hiyo. Nilinunua Mwanjelwa mwaka 2019, nikaenda nayo moja kwa moja kwenye sendofu ya binamu yangu Uyole bila kujaribu hata siku moja. Nikaipaka movu juu ya jicho lote mpaka karibu na nyusi, nikaipaka na chini ya jicho, halafu kwa kuona bado haitoshi nikachovya ile zambarau nyeusi ya pembeni nikajaza kona. Kwenye kioo cha chumbani, chini ya balbu ya njano, nilijiona malkia. Nilipofika ukumbini shangazi akanishika kidevu, akanigeuza upande huu na upande ule, akauliza kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Mwanangu, bodaboda gani imekuangusha?"

Sasa nikwambie kilichotokea, maana na wewe ndicho kinachokupata.

Movu ina ukijivu ndani yake. Na zile movu nyepesi hutengenezwa kwa kuongezwa weupe, kwa sababu bila weupe isingekuwa nyepesi. Kwa mtu mweupe ule weupe unapotea kwenye ngozi yake. Kwetu unabaki juu, unakaa kama vumbi. Halafu zambarau na kijivu vikikutana karibu na jicho ndiyo rangi ya jeraha lililovia damu, kwa hiyo shangazi hakukosea sana. Jina lenyewe linasikika kama "muovu", na kwa ngozi isiyoandaliwa ni muovu kweli.

Dawa yake ni kahawia yenye joto. Angalia kwenye paleti yako, lazima kuna moja inayofanana na tofali la kuchoma au udongo mwekundu. Kama hakuna, tumia poda ya fandesheni iliyo nyeusi kuliko ngozi yako kwa hatua mbili hivi, inayovuta kwenye wekundu. Hiyo kahawia ndiyo inayotangulia, movu inakuja kukaa juu yake. Watu wengi wanaoanza wanafungua paleti na kuchovya ile rangi iliyowavutia dukani, wakati ile ya kuvutia ndiyo inayotakiwa kusubiri.

Kabla ya rangi, ngozi. Wewe uko Iringa, baridi unaijua, na mwezi wa saba hamna utani. Upepo mkavu unakausha ile ngozi inayoshuka ukifumba jicho, inapata vigaga vidogo ambavyo huvioni mpaka rangi ivishike. Paka mafuta usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi paka kidogo sana, subiri kama dakika kumi ukinywa chai, kisha kandamiza tishu juu ya jicho itoe yaliyobaki. Usiende na vaselini imejaa kwenye jicho. Rangi itateleza yote ikajikusanye kwenye mkunjo, na saa mbili baadaye utakuwa na mstari mmoja mnene kama wa kalamu.

Kisha konsila, ile krimu nzito ya kufichia madoa. Hapa ndipo video nyingi zinatupoteza, maana wanapaka konsila nyeupe ili rangi zionekane vizuri. Ukipaka nyeupe halafu movu, umejitengenezea majivu kwa mkono wako. Chukua ya rangi ya ngozi yako, kiasi cha punje ya mchele kwa macho yote mawili, sambaza kwa kidole cha pete kwa kugongagonga. Kwenye baridi konsila inakuwa nzito, ipashe kwanza mgongoni mwa mkono. Ikishakaa, pitisha poda kidogo sana juu yake, la sivyo rangi itanata mahali ilipogusa kwanza na haitatoka hapo.

Sasa kaa ukitazama dirisha, usilipe mgongo. Balbu ya njano inaficha majivu, ndiyo iliyoniponza mimi. Shika brashi ile ya manyoya mengi na laini, uishike mwishoni mwa mpini, siyo karibu na manyoya, ili mkono wako usiwe na nguvu. Chovya kahawia mara moja, gonga mpini ukingoni mwa paleti ile ya ziada idondoke. Fungua jicho, tazama mbele kabisa. Usifumbe. Mkunjo wa jicho unaouona ukiwa umefumba siyo ule watu wanaouona ukiwa unaongea nao, na kama macho yako ni ya nyama nyingi kama yangu, ukipaka umefumba, ukifungua rangi yote inamezwa. Kwa hiyo paka juu kidogo ya mkunjo, jicho likiwa wazi, ukienda na kurudi kama waipa ya basi la Tukuyu siku ya mvua, ila hili basi liwe linatembea polepole. Anzia kona ya nje, malizia katikati. Ukifika karibu na pua brashi iwe karibu haina kitu.

Hapo simama, ujitazame. Ukiona kama hujapaka kitu, ila macho yamepata kina fulani, umepatia. Ukiona mpaka, yaani unaweza kuonyesha kwa kidole "rangi inaishia hapa", endelea na brashi hiyohiyo bila kuongeza rangi. Hiyo kazi ndiyo wenzetu wanaita kublendi. Mimi huhesabu mpaka thelathini kila jicho, na siruki hata nikichelewa.

Movu sasa. Badilisha brashi, chukua bapa fupi, au hata ile sifongo ndogo inayokuja kwenye boksi, kwa hili inafaa. Fumba jicho moja. Usisugue, kandamiza. Anza katikati ya kifuniko cha jicho, nenda nje, kisha ndani. Safu ya kwanza itaonekana hafifu, ya pili ndiyo itasema. Usipandishe movu ikavuka ile kahawia. Kahawia ibaki juu yake kama fremu, na pale zinapokutana pitisha ile brashi ya manyoya mara mbili tatu.

Zile zambarau nyeusi mbili za pembeni ziache. Nasema hivi nikijua utazichovya tu, basi angalau chovya ncha, weka kwenye kona ya nje karibu na mizizi ya kope, eneo lisilozidi ukucha wa kidole kidogo. Mimi ilinichukua karibu mwaka kuzoeana nazo.

Kama paleti ina ile ya kung'aa, tumia kidole. Brashi kavu inaimwaga mashavuni, kidole kinaigandisha. Dondoa katikati ya jicho tu. Na kwa sababu rangi yoyote ya macho hudondoka, fanya macho kabla ya fandesheni. Ukimaliza unafuta yaliyoanguka kwa pamba, ndipo unaendelea na uso. Mimi nilikuwa nafanya kinyume, nikishamaliza macho nasugua vumbi la zambarau ndani ya fandesheni mbichi, naonekana nimechoka kabla shughuli haijaanza.

Chini ya jicho movu isikanyage. Weka kahawia kidogo kwenye kona ya nje ya chini, basi. Wanja mweusi kwenye mizizi ya kope za juu, maskara, umemaliza. Umesema sare yenu ni kijani cha chupa. Vizuri sana, kijani na zambarau yenye wekundu hutiana nguvu, kila moja inaifanya nyingine ionekane zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kupaka kidogo. Mdomo weka kahawia, usiongeze zambarau ya tatu.

Nikatize kidogo. Unajua hii rangi ilipatikana kwa bahati? Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London anahangaika kutengeneza kwinini, ileile dawa chungu ya malaria. Kwinini hakuipata. Aliambulia uchafu mweusi, alipokuwa akiusafisha ukatoa zambarau iliyoshika kwenye kitambaa cha hariri, na huyo kijana akatajirika kwa rangi ya nguo. Ya kwake ilikuwa kali kuliko hii yetu ya ganda la kitunguu. Huwa nawasimulia ninaowapamba ili wasifungue macho wakati nakandamiza.

Kuhusu brashi umeuliza kama ununue seti ya ishirini na nne. Hapana. Mbili, ya manyoya na bapa, na ya tatu kama hela ipo ili kahawia na movu zisichanganyike. Zioshe kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, zikamue, zilaze juu ya kitambaa, usizisimamishe maji yakaingia kwenye gundi. Huku kwetu zinaweza kulala usiku mzima zisikauke. Nilikosa subira Juni moja nikazisogeza karibu na jiko la mkaa, moja ikajikunja kama nywele za mahindi zilizounguzwa. Ninayo mpaka leo, natolea vumbi kwenye mashine ya kopi.

Na usiazimane brashi na wale wasichana wenzako wa sare. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipotusumbua nchini, kila mtu alijifunza jinsi unavyopita kutoka mkono hadi jicho, lakini ukumbini naona tumeshasahau. Ile rangi ya kujaribia dukani nayo, ambayo kila mteja ametia kidole, jaribu mkononi, usiipandishe jichoni. Geuza boksi, tafuta alama ya kopo lililofunguliwa lenye namba kama 12M, hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Maskara iwahi kuitupa, miezi mitatu hadi sita inatosha hata kama imebaki. Ukiwashwa, toa yote siku hiyohiyo, usisubiri izoee.

Mchangiaji mmoja hapo juu amekuambia movu haifai watu weusi kabisa. Simkubali. Jirani yangu ni mweusi tii, wa Kyela, na nikimwekea tofali chini na movu nzito juu hakuna anayempita kwa kupendeza. Ila kwake ile movu nyepesi ya kwanza kwenye paleti siigusi kabisa, naanzia ya tatu. Kwa weusi wako nadhani ya pili itakubali. Zijaribu zote mbili, moja kila jicho, kisha toka nje uwanjani mchana ujipige picha bila flashi na nyingine yenye flashi, maana mpiga picha wa ukumbini atakuja na flashi. Ikitokea jicho limekuwa jeupe kwenye ile ya flashi, punguza poda, siyo rangi.

Jaribio hilo fanya Jumapili hii, na nyingine, na nyingine. Utaanza na dakika arobaini kwa macho mawili, na jicho la kushoto litakusumbua kama mkono wako wa kulia ndio wenye kazi. Mimi huanza na hilo linalosumbua kabla mkono haujachoka.

La mwisho uliloniuliza, machozi. Mama atalia, dada atalia, na wewe utakuwa umesimama pembeni yake huna pa kutazama. Ukihisi yanakuja tazama juu, kunja tishu iwe na ncha, iweke kwenye kona ya ndani ya jicho iyanywe yenyewe. Usifute kwenda nje. Na hiyo tishu mkabidhi mtu wa meza ya mbele mapema, kwa sababu wewe mkononi utakuwa umeshika maua ya dada.