Mpichi wa nyuma ya jiko na kosa la huruma

Kila Desemba wanaopita kwangu huniuliza swali moja: mbona mapichi yako ni makubwa hivi na yetu ni gololi? Huwa nacheka, kwa sababu mti huohuo, nyuma ya jiko hapa Njombe, ulinipa gololi misimu mitatu mfululizo. Vitabuni wanauita mfyulisi. Huku kwetu ni mpichi, na nitauita hivyo.

Niliununua mwaka 2014 kwa muuza miche wa kando ya barabara, akiniapia kwamba ni wa kubebeshwa. Sikukagua. Mche wa kubebeshwa una kovu karibu na udongo, shina limepinda kidogo pale lilipounganishwa. Wangu ulikuwa umenyooka kama fimbo, yaani umeota kwa kokwa tu. Mche wa kokwa si haramu, utazaa, ila hujui utazaa nini. Baadaye nilikata vijiti kwenye mpichi mzuri wa rafiki yangu nikavibebesha kwenye wangu, vikashika.

Ukinunua, uliza pia aina yake inataka baridi kiasi gani. Mpichi asili yake ni China, na chipukizi zake hulala wakati wa baridi mpaka zipate saa za kutosha chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya zinataka saa 600 na zaidi. Sisi tuko mita karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai meno yanagongana, lakini mchana jua likitoka unavua sweta. Kwa hiyo tafuta zile zinazotosheka na baridi kidogo. FlordaPrince, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Florida kule Marekani, inataka saa 150 tu. Mti usiopata baridi yake utauona: matawi matupu katikati, vishungi vya majani nchani, maua machache tena yanayochanua kwa mafungu.

Baridi tunayoitaka isije ikawa sakitu, yaani umande ulioganda, wakati wa maua. Hewa ya baridi hushuka kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo usipande mpichi kule chini kwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni, hata kama udongo wake unakutamanisha. Isitoshe, mizizi yake haivumilii maji yaliyosimama. Panda kwenye mteremko, shimo la futi 2 kila upande, samadi iliyooza madebe mawili, basi.

Sasa huruma. Mti wangu ulikua vizuri, ukafunga matawi kama mwavuli, nami nikawa naujivunia. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu aliyekulia kwenye miti ya matunda, alikuja asubuhi moja ya Julai. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yakiwa juu ya mti.

"Mwanangu, huu unaufuga wa kivuli au wa kula?"

"Wa kula, bibi."

"Basi lete mkasi."

Alikata, nami moyo unaniuma. Alipomaliza, karibu nusu ya mti ilikuwa chini, na yaliyobaki ni matawi manne makubwa yaliyofunguka kama bakuli, katikati peupe. Niliporudi ndani nilimwambia mke wangu mti umekufa.

Alichonifundisha siku ile sijakisahau: mpichi huzaa kwenye vijiti vilivyoota msimu uliopita, vile vyekundu-vyekundu vyenye unene wa penseli. Kijiti kilichokwisha kuzaa hakizai tena. Usipokata, mti hausukumi vijiti vipya vya kutosha, na kila mwaka matunda yanasogea mbali na shina mpaka unayafuata kwa ngazi. Kata kila mwaka, mti ukiwa mtupu na chipukizi hazijavimba. Hapa kwangu ni wiki mbili za mwisho za Julai.

Kazi ya pili inauma zaidi. Oktoba, matunda yakifika ukubwa wa ncha ya kidole gumba, pukusua. Acha moja kila shibiri. Mengine yote chini, hata yale mazuri. Mwaka wa kwanza nilipukusua nusunusu nikaona yanatosha, kisha tawi moja likapasuka kwa uzito na mapichi yake yakawa kokwa iliyovaa ngozi. Siku hizi ninapukusua watoto wakiwa shule, maana wakiwepo wananitetea mti.

Magonjwa nitataja mawili tu. Majani kujikunja na kuvimba malengelenge mekundu ni ukungu, unapenda ubaridi na unyevu, na ukishauona majanini umechelewa. Dawa hupigwa mti ukiwa hauna jani, mara baada ya kupogoa. Mimi hutumia mrututu (salfati ya shaba) na chokaa, gramu 100 kwa gramu 100 katika lita 10 za maji. Kila kimoja kiyeyushe peke yake, kwenye ndoo ya plastiki na si ya bati, kisha changanya na upige siku hiyohiyo. Vaa glavu na ufunike macho.

La pili ni inzi wa matunda. Yule wa kutoka Asia alionekana Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo hatujapumzika. Anataga ndani ya tunda likianza kuiva, unang'ata unakuta funza. Kwa mti mmoja wa nyumbani huhitaji sumu: vika matunda mifuko ya karatasi mapema, na yanayoanguka usiyaache hata usiku mmoja. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uyaanike juani siku kadhaa.

Kuchuma, usibonyeze, utayaachia alama za vidole. Angalia rangi ya upande usiopigwa na jua. Kijani ikigeuka manjano, shika tunda ulizungushe kidogo. Likitoka lenyewe, limeiva. Sado ya kwanza huwa naipeleka kwa bibi, naye huchambua moja moja akitafuta dogo la kunisuta.