Mwambie leo, usingoje Ijumaa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeukuta alfajiri. Unasema umeharisha siku tatu, tangu jana una homa, na Ijumaa una somo la majaribio mbele ya mkufunzi. Unaniuliza: uvumilie mpaka lipite, au useme sasa na uonekane mzembe kati ya wenzako waliokuja kujitolea? Na mimi je, niliwahi kuugua kwenye mafunzo yangu?

Sema sasa. Ukimaliza kusoma barua hii, mpigie muuguzi wa programu.

Niliugua, ndiyo. Sikukusimulia kwa sababu ile hadithi hainipambi. Nilikuwa wiki ya nne ya mafunzo, ugenini kama wewe, na homa niliificha siku tano nzima. Kila asubuhi nilimeza dawa ya maumivu, joto likashuka, nikajiona nimepona. Jioni natetemeka chini ya blanketi huku nikiandika andalio la somo la kesho yake. Siku ya sita nilikuwa nafundisha wakati uliopo unaoendelea. Nikaandika ubaoni "I am standing", nikageuka niwaonyeshe kwa vitendo, magoti yakalegea nikajikuta nimeketi sakafuni, chaki bado mkononi. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti safi kabisa: "Teacher is sitting." Nikikumbuka hilo nacheka mpaka leo. Siku ile nililia.

Mkufunzi wala hakuuliza habari ya somo. Aliuliza nilianza kuumwa lini. Nami, kwa aibu, nikajibu: "Jana." Daktari naye akauliza vilevile, nikarudia uongo uleule. Kipimo cha damu kilipoonyesha malaria aliniangalia akauliza mara ya tatu, ndipo nikasema kweli. Mwanangu, daktari huhesabu siku. Malaria kwa kawaida haijitokezi kabla ya wiki moja kupita tangu mbu akuume, na ile kali ikicheleweshwa siku chache inaweza kuua. Tarehe uliyoanza kuumwa ni sehemu ya kipimo. Nilikosa mafunzo wiki mbili, na naamini ningekosa siku chache tu kama ningesema mapema.

Sasa wewe. Tumbo la mgeni huchafuka sana katika wiki mbili za kwanza, na mara nyingi hutulia lenyewe kwa siku tatu hadi tano. Lingekuwa tumbo peke yake nisingekusumbua hivi. Homa juu ya kuharisha ni jambo jingine, na ukiona damu chooni usingoje hata kupambazuke.

Wakati unasubiri, kunywa. Kama huna pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, chukua lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, visawazishwe, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi ukidhani itakusaidia zaidi. Nywa kidogo kidogo, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwage. Kwa homa tumia paracetamol. Aspirin na ibuprofen ziache kwanza, maana kama ni dengue, homa nyingine ya mbu, zinaweza kukutokesha damu. Vile vidonge vya paracetamol vya miligramu 500 visipite vinane kwa siku nzima, na andika saa uliyomeza, kwa sababu muuguzi atauliza. Antibiotiki aliyokupa mwenzako wa chumbani mrudishie.

Kuhusu kuonekana mzembe: mkufunzi yeyote aliyepokea vikundi viwili vitatu ameshaona wengi wakiugua. Somo la majaribio hupangwa upya kwa mstari mmoja kwenye ratiba. Na wenyeji wako waambie pia, wasije wakadhani umekataa chakula chao. Hilo la pili wageni husahau, nami nililisahau; mama mwenye nyumba alininunia wiki nzima.

Namba ya bima iko kwenye kadi yako. Mtu aipige kabla hujalazwa, bima nyingi zinataka zijulishwe mapema.

Simu yangu iko wazi usiku kucha. Ukishaongea na muuguzi niandikie mambo mawili: joto lilikuwa ngapi, na tarehe uliyomtajia.

Mama yako