Jicho la kijani ndilo lililonidanganya

Baba yangu alikaa miaka miwili akisubiri mtoto wa jicho "aive". Nyumbani Kongwa wote tuliamini hivyo: mzee akianza kugonga mlango kwa bega na kumwaga chai pembeni ya kikombe, basi ni mtoto wa jicho, na hapasuliwi mpaka akomae. Tulipomfikisha kwa daktari tukaambiwa ni presha ya macho, yaani glakoma, na kilichokwisha kufa hakirudi. Wakati huo alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kuna utafiti uliofanyika hukohuko Kongwa na kuchapishwa mwaka 2000. Walipima watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 kwenda juu, wakakuta asilimia 4 hivi wana glakoma. Watu wanne katika kila mia, kwenye vijiji tunavyovijua kwa majina, na sisi tunasubiri aive.

Kabla hatujaondoka daktari aliuliza watoto wake wangapi tumevuka arobaini. Tulikuwa wawili. "Nyinyi mkapimwe," alisema, kwa sababu mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua yuko kwenye hatari kubwa kuliko jirani yake. Dada yangu alikwenda wiki ileile. Mimi, mwalimu wa hesabu ninayeshinda nikiwagombeza watoto kwa kuahirisha kazi, nilikwenda baada ya mwaka.

Nilianzia kliniki moja ya mjini yenye mashine ya OCT, inayopiga picha ya matabaka ya ndani ya jicho kwa mwanga. Kipimo chenyewe hakiumi. Unaegemeza kidevu, unakodolea alama, mwanga unaingia ndani ya jicho na kurudi, na ndani ya sekunde chache umemaliza. Mbinu hii ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani, akina David Huang na James Fujimoto wa MIT. Kwa glakoma, kinachotafutwa ni unene wa tabaka la nyuzi za neva. Nyuzi hizo zinafika milioni moja hivi, zinatambaa juu ya retina kama vijito na kukusanyika kuwa mshipa mmoja unaopeleka picha kwenye ubongo. Kuuzunguka mshipa huo, mtu mzima mwenye macho salama huwa na wastani wa mikroni 90 hadi 100 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo tunazungumzia unene wa unywele mmoja. Glakoma inaukondesha unywele huo taratibu, mara nyingi ikianzia juu au chini ya mshipa.

Wanapima unene kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui. Watafiti waliohesabu seli kwenye macho ya marehemu walikuta robo hadi theluthi ya seli za neva zinaweza kuwa zimekufa kabla hata kile kipimo cha kubonyeza kitufe ukiona kidoa cha mwanga hakijaonyesha kasoro. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu akisema baba alizembea.

Karatasi yangu ikatoka. Jicho la kulia limepakwa rangi nyekundu, yaani jembamba kuliko kawaida, mikroni 71. La kushoto kijani tupu, yaani kawaida. Aliyenihudumia akasema tayari nina glakoma, akaniuzia chupa ya timolol, matone ya kupunguza presha ya jicho, nikaaga. Presha ya macho hakuipima. Wala hakuuliza kama nina pumu, na timolol inaweza kumbana vibaya mwenye pumu. Bahati yangu sina. Wiki nzima usiku nilijizoeza kutembea ndani ya nyumba nikiwa nimefumba macho, mpaka mke wangu akauliza kama nimerogwa.

Daktari wa pili, mama mmoja mtu mzima, aliitazama karatasi kwa nusu dakika. "Mwalimu, hapa juu pameandikwa nini?" Ubora wa picha: 4/10. "Kwa mashine hii, ikiwa chini ya sita, karatasi ni ya kufungia karanga." Kisha akachukua miwani yangu akaipima. Kulia -6, kushoto -2. Akanieleza kwamba jicho lisiloona mbali ni refu, na nyuzi zake mara nyingi zimesogea kuelekea upande wa sikio. Mashine inazitafuta pale zilipo kwa watu wengine, isipozikuta inapaka nyekundu. Rangi zile ni kukulinganisha tu na kundi la watu waliopimwa na kuhifadhiwa ndani ya mashine, na kwenye makundi hayo wenye asili ya Afrika ni wachache.

Tukarudia, baada ya kunitilia machozi ya bandia. Ubora 8/10. Kulia 78, njano. Kushoto 94, kijani. Presha kulia 16, kushoto 21. Kile kipimo cha vidoa vya mwanga kikawa safi. Akaniambia niache matone. "Leo umepata picha ya kuanzia. Itunze kuliko cheti cha ndoa."

Nikawa narudi kila miezi sita. Jicho jekundu lililoninyima usingizi halikusogea: 78, 77, 78, 78. Lile la kijani lilikwenda 94, 92, 89, 86. Kila karatasi ilitoka kijani, na kama ningekuwa natazama rangi peke yake ningeshukuru Mungu na kwenda zangu. Uzee wa kawaida unakula chini ya mikroni moja kwa mwaka. Mashine nayo inaweza kupishana mikroni nne au tano kati ya kipimo na kipimo, ndiyo maana 92 haikumshtua daktari. Mikroni nane ndani ya mwaka mmoja na nusu zilimshtua.

Kwa hiyo ukipimwa, omba nakala yako, tazama ubora wa picha, na rudi kwenye mashine ileile. Namba za mashine ya aina nyingine hazilinganishiki na zako, hata kama kule ni nafuu. Sema namba ya miwani yako. Na unene mkubwa nao usikufurahishe moja kwa moja, kwa sababu mshipa uliovimba unaonekana mnene. Kwa aliyefika mbali kama baba OCT haisaidii sana, maana namba ikishuka kwenye mikroni 50 na kitu inagoma kushuka zaidi hata kama ugonjwa unaendelea.

Kuhusu matone ya dukani ya macho kuwasha, dada yangu alikuwa anatumia ya deksamethasoni mwezi hadi mwezi bila cheti cha daktari. Dawa za jamii hiyo zinaweza kupandisha presha ya jicho. Tulinyang'anyana chupa.

Jicho langu la kushoto lilipigwa leza ya SLT, dakika chache tu, nimekaa kwenye kiti. Niliuliza kwa nini si matone kwanza. Daktari akanitajia utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 201: baada ya mwaka leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timolol kwa asilimia 31. Alisema pia kwamba nguvu ya leza hupungua, inaweza kurudiwa, na kwamba haiponyi, inapunguza presha.

Juzi nimetoka kliniki nikapitia kwa mzee na bahasha yangu. Kushoto 86, mara ya tatu mfululizo. Akaomba aishike karatasi. Akaipapasa juu mpaka chini, akauliza mstari wa hiyo 86 uko wapi, nikamshika kidole nikakiweka hapo.