Kumpanda farasi na moyo ukiwepo

Watu wakisikia taamuli hudhani ni kukaa chini, kufumba macho na kufukuza mawazo. Juu ya farasi ukifumba macho utaokotwa mchangani. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya kuhudhurisha moyo, kama anavyojitahidi mtu kwenye swala: mwili upo, na akili nayo ipo papo hapo, haijatangulia sokoni Kongowea kutafuta nyanya.

Mimi hupanda farasi wa ufukweni hapa Mombasa, Nyali na Bamburi, wale wanaokodishwa. Wamebeba kila aina ya binadamu, na hawajali umevaa nini, wanakusoma ulivyokaa. Ukibana magoti na kuzuia pumzi, farasi anaelewa jambo moja tu: wewe umeona hatari ambayo yeye hajaiona. Ni mnyama wa kuwindwa, usalama wake uko miguuni. Basi usishangae akianza kurukaruka.

Kazi inaanzia chini, kabla ya kupanda. Simama usawa wa bega lake. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso hakuoni, kwa hiyo usimtokee huko. Mwache akunuse mkono, kisha tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka. Farasi aliyetulia huvuta pumzi kama mara 8 hadi 16 kwa dakika, polepole kuliko wengi wetu. Jaribu kwenda naye pumzi kwa pumzi. Ukikosa hewa, acha, anza tena, hakuna mashindano. Akishakukubali utaona kichwa kimeshuka, sikio moja limelegea pembeni, analamba midomo au anapuliza pua kwa kishindo hadi ukalowa shati.

Na hapo hapo mkague. Kujisikiliza pumzi yako huku mnyama ana maumivu ni ubinafsi, hata kama umeupa jina zuri. Pitisha kiganja chini ya ukingo wa tandiko, na nyuma ya miguu ya mbele ambako mkanda wa tumboni hupita. Ukigusa kidonda, au ngozi ikitetemeka na masikio yakalala nyuma, usipande. Kijana anayemkodisha atakwambia, "Hana neno huyo, dada, kashazoea." Mshukuru, nenda zako.

Ukishapanda, usitafute utulivu. Tafuta miguu. Farasi akitembea, kwato zake hugusa chini moja moja, nne kwa zamu: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Legeza kiuno na usikilize makalio yako. Mguu wa nyuma wa kushoto unapoinuka kwenda mbele, nyonga yako ya kushoto inashuka kidogo na tumbo la farasi linasukumwa upande wa kulia. Sema moyoni "kushoto", kisha "kulia", bila kutazama chini. Mwanzoni utababaika, halafu utapatia hatua kadhaa, kisha utakumbuka deni la mtu na kupotea. Kule kugundua kwamba umepotea na kurudi kwenye mguu ndiyo taamuli yenyewe. Mimi sijaona zoezi linaloshinda hili, na programu za simu nimezijaribu.

Macho yatazame mbali, kule mawimbi yanakovunjikia mwambani, lakini acha pembe za macho zione mchanga na watu. Ukikodolea shingo ya farasi, mabega yanajikunja na hatamu zinakaza bila wewe kujua, na lijamu, kile chuma kilichofungwa hatamu, iko mdomoni mwake, si mwako.

Pale Pirates, ufukwe wa watu wengi huko Bamburi, siku ya Jumapili kila kitu kitakujaribu: mpira, watoto na maboya yao, pikipiki za majini. Masikio yakisimama wima na shingo ikainuka, toa pumzi kwanza, ndefu, mpaka tumbo liishe. Kutoa ndiko kunakolegeza mapaja. Ukivuta tu unazidi kukaza. Kisha mzungushe taratibu kwa hatamu moja, upande wowote ulio wazi. Hofu usiikatae, itaje tu: naogopa, mikono imekaza. Na kofia ngumu uvae, pumzi haizuii fuvu kupasuka.

Saa nzuri ni asubuhi mapema, hasa wakati wa kaskazi, jua likiwa halijawa kali. Angalia maji pia. Yakiwa yametoka, mchanga wa chini ni mgumu na wenye unyevu, farasi anatembea bila kuzama. Juu kwenye mchanga mkavu anavuta mguu kila hatua na anachoka upesi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa mbali sana, nafasi ni tele, ila yakianza kurudi usijisahau. Msimu wa kusi mwani hurundikana ufukweni, na farasi wengine hawataki kuukanyaga. Wasilazimishwe.

Ukishuka, tembea naye kidogo kabla ya kukabidhi hatamu. Kama ametoka jasho jingi, mwambie kijana alegeze mkanda na ampe maji na kivuli kabla ya mteja mwingine. Akikataa, wiki ijayo tafuta mwenye farasi mwingine.