Mhariri na mwandishi: amefika au wamefika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Dodoma mjini, natoa kijarida cha vibonzo. Mhusika wangu ni msichana aliyetoka kwenye michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, na anaruka angani. Hadithi natunga mwenyewe na kuhariri nahariri mwenyewe. Rafiki yangu anachora. Jaladani nimeandika "Mhariri na Mwandishi", kisha jina langu. Rafiki yangu anasema wasomaji watamtafuta mtu wa pili. Nani yuko sahihi? Na huyo msichana naweza kumwita "shujaa mkuu", yaani kile Waingereza wanachokiita "superhero"?

JIBU: Marahaba. Kisarufi hujakosea, ila rafiki yako anawajua wasomaji kuliko wewe. "Na" haikatazi mtu mmoja kubeba kazi mbili: tunasema "mkulima na mfugaji huyu amevuna" na hakuna anayetatizika. Kinachotuokoa hapo ni kitenzi. "Amevuna" ni mmoja, "wamevuna" ni zaidi ya mmoja. Jaladani hakuna kitenzi, basi msomaji anabaki kubahatisha. Taja kazi badala ya mtu: andika "Utunzi na uhariri", weka nukta pacha, kisha jina lako.

Umeona nimekubadilishia na neno. "Mwandishi" hapo Dodoma lina wenyewe. Jitambulishe hivyo wakati Bunge linakaa, swali la kwanza litakuwa "wa chombo gani?" Anayebuni hadithi ni mtunzi. Nayo kazi ya mhariri ni uhariri. Usije ukaandika "tahariri", maana hiyo ni makala ya gazeti kutoa msimamo wake.

Sasa nikuulize na mimi: una hakika hadithi unatunga peke yako? Kofia hizo mbili alizivaa Stan Lee kule Marekani, kampuni ya vibonzo ya Marvel, miaka ya 1960. Alikuwa mhariri na mtunzi kwa pamoja. Jarida la mashujaa wanne, Fantastic Four, lilitoka 1961, mchoraji akiwa Jack Kirby. Spider-Man akafuata 1962, mchoraji Steve Ditko. Kwa kuwa majarida yalikuwa mengi na mikono michache, Lee mara nyingi hakuandika kila kitu mwanzoni. Alimpa mchoraji muhtasari, pengine kwa mazungumzo tu. Mchoraji ndiye aliyepanga matukio ukurasa kwa ukurasa: nani anaanguka, nani anatokea mlangoni, pigano linaishaje. Michoro ikirudi, Lee anaijaza maneno ya wahusika. Humo ndimo ulimozaliwa ugomvi wa miaka mingi juu ya nani hasa alitunga nini, na binafsi naona wachoraji walikuwa na hoja. Kama nanyi mnafanya hivyo, "Utunzi" likae na majina mawili, wewe ubaki na "Maneno na uhariri". Kama unamwandikia rafiki yako kila picha kabla hajashika penseli, basi utunzi ni wako.

Kuhusu "shujaa mkuu", hapana. "Mkuu" ni cheo: kuna mkuu wa wilaya, mkuu wa shule, Waziri Mkuu. Ukisema shujaa mkuu nitauliza wale wadogo walio chini yake wako wapi. Lakini hata "shujaa" peke yake halitoshi mara ya kwanza. Kila Julai 25 nchi inaadhimisha Siku ya Mashujaa, na wanaokumbukwa siku hiyo hawakuruka angani. Walikuwa watu wa kawaida waliojitoa. Ushujaa ni moyo, wala si mabawa. Kwa hiyo mtambulishe mara moja kama "shujaa mwenye nguvu za ajabu", baada ya hapo "shujaa" tu itaeleweka. Wapo wanaopenda "jabari". Lina uzito mzuri mdomoni, lakini hunukia ubabe, na huyo binti hajamwonea mtu. "Supahiro" nalisikia kwa vijana. Liache vinywani mwa wahusika wako, huko linapendeza.

Mwisho, kwenye barua yako, sehemu ambayo sikuichapa hapa, umeandika "kibonzo changu amepaa". Kibonzo ni mchoro, nacho kinachorwa, kinachapwa, kinachanika. Aliyepaa ni msichana.