Mdogo wangu, hili gemu sio la Wakorea peke yao

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia inbox, meseji ndefu kweli, mwisho wake anauliza hivi: kaka, mimi nacheza StarCraft, lile gemu la kompyuta la kujenga uchumi na jeshi, usiku na mchana, nataka nifike mbali, ila kila nikiangalia mashindano naona ni Wakorea tu, je niachane nalo nihamie gemu lingine au nikaze nicheze masaa kumi na mbili kwa siku kama wao? Nikaanza kumjibu kwenye simu nikaona haiishi, ndo nikaamua niandike hapa maana najua mko wengi mnaojiuliza hilo hilo. Na pia mwezi huu nimeingia ligi ya Master, moja ya madaraja ya juu kabisa, seva ya Ulaya, nikiwa Tabata, kwa intaneti ya bando, kwa hiyo naomba leo mnisikilize.

Hilo swali mimi nimetembea nalo muda mrefu. Kuna mwaka liliandaliwa bonanza la magemu hapa mjini, kulikuwa na mpira, Tekken, PUBG ya simu, watu wamejaa. Nikamfuata mwandaaji kistaarabu tu, nikamwomba tuweke kompyuta mbili pembeni za StarCraft II, sitaki zawadi, nataka watu waone. Akaniangalia mbele za watu akasema, hilo gemu la Wakorea bwana, wewe Mswahili utafanya nini humo. Watu wakacheka. Sijasahau mpaka leo na wala sijifanyi nimesahau, kwa sababu yule bwana hakusema mimi sijui kucheza, hajawahi hata kuniona nacheza, alichosema ni kwamba sikuzaliwa sehemu inayotakiwa. Na hicho ndo kitu ambacho nataka kila kijana anayesoma hapa akitoe kichwani.

Sasa tusidanganyane, Wakorea walitawala kweli. Mabingwa wa dunia wa StarCraft II kuanzia 2012 hadi 2017 ni PartinG, sOs, Life, sOs tena, ByuN, Rogue. Wote Wakorea, hakuna hata mmoja wa nje. Mwaka 2013 Blizzard, wenye gemu lenyewe, walianzisha WCS (mfululizo wa mashindano ya ubingwa wa dunia) ya Ulaya, yaani mashindano ya bara lao wenyewe, misimu mitatu ikachukuliwa na Mvp, duckdeok na MMA, Wakorea watatu, Mzungu kabaki anapiga makofi kwake. Ukimwangalia kijana wa Ulaya wa enzi zile anaingia kwenye mechi na Mkorea unaona kabisa ameshapoteza kabla hajajenga chochote.

Lakini hawakuwa wanashinda kwa damu. Walikuwa wanashinda kwa nyumba.

Naomba hapa unielewe vizuri. Korea ilipopigwa na msukosuko wa uchumi wa 1997 watu kibao wakafungua vibanda vya kompyuta, wenyewe wanaita PC bang, serikali nayo ikawa inatandaza intaneti ya kasi, halafu 1998 StarCraft ya kwanza ikatoka ikakuta meza imeshaandaliwa. Kufika 2000 kuna chama cha taifa cha esports, yaani magemu ya mashindano, KeSPA, kuna chaneli ya tivii inaonyesha gemu tu, na makampuni makubwa kama Samsung, SK Telecom na KT yakaja kuwa na timu zao. Fainali ya ligi ya timu, Proleague, mwaka 2004 ilichezwa ufukweni Gwangalli kule Busan na wakakadiria watu laki moja. Laki moja bwana, kuangalia vijana wawili na kibodi!

Na hizo timu zilikuwa zinakaa nyumba moja. Wanalala humo, wanakula humo, kocha anapanga ratiba, wakubwa wanacheza na kuna wale wadogo wa akiba ambao bado hata mechi moja hawajapewa. Sasa mchezaji akijulishwa kwamba mechi yake ijayo ni ramani fulani na mpinzani wake ni Protoss fulani (gemu lina jamii tatu za kuchezea, Protoss, Zerg na Terran), mwenzake wa chumbani anakaa anajifanya ndo huyo Protoss, anamwiga anavyofungua, anavyoshambulia, wanarudia hiyo hiyo ramani mpaka jamaa akiingia studio hakuna kitu kinachomshangaza. Halafu upande wa pili unakuta kijana wa Sweden au Canada yuko peke yake chumbani kwa mama yake, anacheza na watu asiowajua mtandaoni, leo kapangiwa huyu kesho yule. Hapo anayepambana sio mtu na mtu, ni mtu na nyumba nzima.

Unataka ushahidi? Jinro, Msweden, 2010 alienda Korea akakaa kwenye nyumba ya timu ya Kikorea, oGs, ambayo timu yake, Team Liquid, ilikuwa inashirikiana nayo. Akafika nusu fainali ya GSL, ligi kubwa ya StarCraft II ya Korea, na msimu uliofuata akafika tena. Ni Msweden yule yule, damu yake haikubadilika njiani. Alichobadilisha ni watu wa kucheza nao.

Halafu ikageuka. Mwaka 2016 Proleague ikafungwa, timu nyingi zikavunjwa, wachezaji wakarudi makwao kila mtu na kompyuta yake. Vijana wadogo wa Korea walishahamia League of Legends siku nyingi kwa hiyo hakuna damu changa inayoingia, na wakubwa mmoja mmoja wanaitwa jeshini maana kule jeshi ni lazima kwa wanaume. Mwaka huo huo Blizzard wakatenganisha mashindano, WCS ya wageni, yaani wasio Wakorea, ikawa ya wageni kweli, Mkorea harukii tena kuja kuchukua hela huku. Wengi walilalamika wakasema mnawabeba watoto wa Ulaya. Mimi nilikubaliana nayo na bado nakubaliana nayo, kwa sababu mtu hawezi kukua kama kila shilingi inachukuliwa na mwenye nyumba kubwa, lazima kijana apate hela ya kula ili abaki kwenye gemu.

Matunda yalikuja haraka kuliko watu walivyofikiri. Mwaka huo huo 2016 Neeb, Mmarekani, akachukua KeSPA Cup ndani ya Korea kwa kumpiga Mkorea Trap 4-0 fainali. Kabla yake mgeni wa mwisho kuondoka na kombe kubwa la StarCraft Korea alikuwa Guillaume Patry wa Canada, mwaka 2000! Februari 2018 Scarlett, dada wa Kikanada, akaenda PyeongChang siku chache kabla ya Olimpiki ya baridi, akampiga sOs 4-1 fainali, sOs huyo huyo bingwa wa dunia mara mbili, akawa mwanamke wa kwanza kuchukua kombe kubwa la StarCraft II. Nilipiga kelele nyumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu Serral. Mimi ni Zerg kwa hiyo nisameheni nikikaa hapa kidogo. Joona Sotala, Mfini, kijana mpole anayeongea kidogo, alisubiri amalize shule kwanza ndo 2017 akaanza kucheza kama kazi, na hakuhamia Korea, alibaki kwao Finland. 2018 akachukua mashindano yote manne ya WCS ya wageni, Leipzig, Austin, Valencia, Montreal. Watu wakasema aah, hao wageni wenzake. Akaenda Seoul kwenye GSL vs the World akamfunga Mkorea Stats 4-3 fainali. Novemba Anaheim, fainali ya dunia, Stats tena, 4-2. Mgeni wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa StarCraft II. Nilikesha nikiangalia, na kitu kilichonishika sio vita, ni jinsi alivyokuwa anahesabu. Kila upande wa ramani ana overlord (anaruka angani) au zergling (askari mdogo wa Zerg) mmoja anachungulia, jeshi la Stats likitoka tu nyumbani yeye ameshaona, mpaka hapo alikuwa anatengeneza droni tu, yaani wafanyakazi, uchumi tu, ndo anageuza anatengeneza askari, na wanafika kwa wakati. Sio vidole vya ajabu, ni taarifa. Anajua, basi.

Na msiseme Wakorea walikuwa wamechoka. Mwaka huo huo Maru alichukua GSL zote tatu, kiwango kilikuwa juu sana. Baada ya hapo Rogue akachukua Katowice, mashindano makubwa ya Poland, 2020, Dark akachukua dunia 2019, walikuwa bado hatari. Ila mlango ulishafunguka: Reynor wa Italia Katowice 2021, Oliveira wa China Katowice 2023 ambaye hakuna aliyempa nafasi akamgonga Maru 4-1, na 2024 Riyadh fainali ya Esports World Cup ilikuwa Clem Mfaransa na Serral, hakuna Mkorea humo, Clem akashinda 5-0.

Sasa kijana wangu wa Mwanza, turudi kwako, na kwangu. Masaa kumi na mawili usiige. Wale walicheza masaa yale wakiwa na kocha, na mpishi, na wenzao kumi. Wewe ukicheza masaa hayo peke yako unarudia tu ujinga ule ule masaa kumi na mawili, unaharibu macho na mkono. Tafuta watu. Hiyo ndo siri yangu na sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Mimi nilianza na dada mmoja wa Nairobi, Terran, mkali sana, tukakutana kwenye chati. Akaja jamaa wa Lubumbashi, Zerg kama mimi, kisha Mtanzania mmoja anayeishi Tampere, Finland, anacheza Protoss. Tukafungua grupu la WhatsApp. Yule dada kazi yake kwangu ilikuwa moja, ananishushia askari kwa medivac mbili (ndege za kubeba askari), moja nyuma ya madini moja kwenye kituo cha tatu, kila mechi, makusudi, mpaka nikawa nasikia kabisa mwilini dakika ambayo zinakuja. Kwenye mechi za kawaida za mtandaoni ungekutana na mtu wa hivyo mara moja halafu basi, hujifunzi. Jamaa wa Lubumbashi alikuwa analia kila siku jeshi lake ni dogo, anasema Protoss imependelewa. Nikamwambia nitumie mechi. Nikafungua, nikabonyeza malkia wake, nishati mia na kitu! Mayai ya malkia yanataka nishati 25 tu na yanakupa lava watatu, ambao ndo wanageuka askari, kila baada ya sekunde 29, yaani jeshi lake lote lililopotea lilikuwa limekaa tumboni mwa malkia. Wiki ile ile akapanda daraja. Peke yake angeendelea kulaumu Protoss mpaka mwaka kesho.

Kuhusu intaneti, najua mtasema. Afrika seva hakuna, tunacheza ya Ulaya na kuchelewa kupo, mimi mara nyingi nazidi milisekunde 150. Usipigane nalo, panga mchezo wako ulizunguke. Mimi niliacha kutegemea zergling na baneling (askari wa Zerg wanaojilipua) maana vita vile vinaamuliwa kwa kufumba na kufumbua, nikaingia roach, askari wagumu zaidi, nikaongeza malkia wa ulinzi, nikawekeza kwenye kuchungulia mapema kama Serral, kwa sababu ukishajua mtu anakuja na nini hata ukichelewa kidogo kidole bado unamsubiri ukiwa tayari. Kufungua nafanya kile cha kawaida tu, kituo cha pili nikiwa na droni 17, gesi 18, bwawa la kuzalishia zergling 17, sibadilishi badilishi. Na gemu lenyewe tangu Novemba 2017 ni bure, kwa hiyo hela ya kununulia sio sababu tena.

Angalia mechi ulizopoteza, sio ulizoshinda. Cheza na watu wale wale. Lala. Na ukiambiwa na mtu mzima mbele za watu kwamba hili sio lako usimjibu, nenda kafanye mazoezi, mimi sikumjibu na sasa niko Master na bonanza lake sijui kama bado lipo. Kama una shule malizia shule, Serral alimaliza na hakuna kombe lililomkimbia. Wazazi wako sio maadui zako, wanaogopa tu kwa sababu hawajaona mtu wa hapa aliyefanikiwa, na hilo tutaliondoa sisi, sio Mkorea wala Mfini.

Grupu letu tunacheza Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, seva ya Ulaya, mechi tano tano halafu tunaziangalia pamoja. Zerg tumejaa, Protoss yupo mmoja anafanya kazi za zamu kwa hiyo mara nyingine hapatikani. Tunamtafuta Protoss wa pili, kuanzia daraja la Platinum kwenda juu, awe mvumilivu wa kurudia shambulio lile lile usiku mzima bila kununa. Kijana wa Mwanza, umesema wewe ni Protoss, link nimeshakutumia inbox.