Kontrola Inawaka Lakini Simu Imenyamaza

SWALI: Sasa kaka, mimi natengeneza biti na FL Studio Mobile kwa simu ya Android, nilikuwa nabonyeza kwa skrini tu mpaka mwezi jana nikanunua kontrola ya mtumba, hivi vinanda vidogo vya Akai vya vitufe 25 vya kuchomeka kwa simu. Nikiichomeka taa zinawaka lakini apu haisikii kitu. Nikaazima adapta ya rafiki ikashika, lakini baada ya muda inapotea tena mpaka nichomoe nirudishe. Na hata ikishika sauti inachelewa, nagonga sai inalia baadaye, na iafoni zangu za bluetuthi ni mpya kabisa, sitaki spika juu majirani wanalalamika. Nimeanza kufikiria niuze kila kitu nitafute laptop. Unanishauri aje? – Kijana wa Kayole

JIBU: Usiuze kitu bado. Uko na shida tatu na hakuna hata moja ya kumaliza simu.

Kwanza elewa kwamba hiyo kontrola haina sauti ndani yake. Ukigonga kitufe inatuma ujumbe mfupi tu kwa lugha ya vyombo inayoitwa MIDI, kwamba noti namba fulani imegongwa kwa nguvu kadha kati ya 1 na 127, na ukiachilia inatuma mwingine. Sauti yote inapikwa na simu. Taa kuwaka ni dalili ya umeme kufika, data ni kitu kingine na inapita kwa nyaya zake. Mimi nilipoteza jioni nzima na adapta niliyonunua duka moja pale Luthuli, taa zinawaka vizuri kabisa, nikafuta apu nikairudisha, nikazima simu nikawasha mara tatu, kumbe ndani ya ile adapta kulikuwa na nyaya za chaji peke yake. Tangu siku hiyo sinunui adapta bila kubeba mausi ya kompyuta kwa mfuko: naichomeka hapo hapo kwa kaunta, mshale ukitokea kwa skrini ya simu nalipa, usipotokea narudisha. Omba adapta ya OTG, ile inayofanya simu ipokee vifaa vya USB, na uijaribu hivyo. Na usihangaike na lile chaguo la MIDI linalotokea ukichomeka simu kwa kompyuta, hilo ni la kufanya simu yenyewe ionekane kama kinanda mbele ya kompyuta, wewe unataka kinyume chake. Android inaelewa MIDI tangu toleo la 6.0 la 2015, kwa hivyo hata kasimu kadogo kamezeeka kidogo kanaweza.

Hiyo ya kupotea baada ya muda, kama simu ni Oppo, realme ama vivo ingia kwa setingi utafute OTG, simu nyingi za hao watu ziko na swichi yake na inajizima yenyewe ikikaa dakika kama 10 bila kazi. Kama sio hiyo basi ni umeme. Kontrola inanyonya betri ya simu na simu zingine zikiona inanyonya sana zinaikata. Tafuta habu yenye tundu la chaja: chaja inaingia kwa habu, kontrola inaingia kwa habu, habu inaingia kwa simu, hapo unacheza mpaka asubuhi.

Sasa tuje kwa kuchelewa, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu nimeona vijana wengi wakiacha kucheza wakidhani mikono yao ndio mibaya. Mikono yako iko sawa. Ni hizo iafoni. Bluetuthi inafungasha sauti, inairusha, halafu iafoni inaifungua, na hiyo safari mara nyingi inapita milisekunde 100. Kwa kusikiliza wimbo huwezi jua, lakini kwa kucheza inakuua. Chukua laini ya gita ya benga, zile noti za kukimbizana, uicheze kwa vitufe: ukiwa kwa tempo ya 140 na noti nne ndani ya kila pigo, kati ya noti na noti kuna milisekunde 107 tu. Ina maana unaposikia noti ya kwanza kidole tayari kiko kwa ya pili. Hakuna binadamu anaweza kushika mdundo hivyo! Vaa iafoni za waya, hata zile za bei ya chini kabisa, majirani watalala na wewe utasikia tofauti siku hiyo hiyo. Kama simu haina tundu la iafoni nunua ile habu iliyo na tundu la sauti kando, utakuwa umemaliza mambo mawili kwa pesa moja.

Ukishavaa za waya ingia setingi za sauti kwa apu ushushe bafa, yaani kile kipande cha sauti simu inakiandaa kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 1024 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde inakula milisekunde 21, ya 256 inakula 5 na kitu. Shusha mpaka uanze kusikia sauti inakwaruza, halafu rudi hatua moja juu. Siku ya kumiksi, ukiwa hugongi vitufe tena, ipandishe ili simu ipumue.

Laptop ni nzuri na ukipata pesa nunua, lakini ukienda nayo na bluetuthi hizo hizo utanirudia na swali hili hili.

SWALI: Habari ya kazi. Kanisani tuko na kinanda cha zamani, sauti zake zimechoka lakini vitufe bado ni vizuri sana, nyuma kina matundu ya mviringo yameandikwa MIDI IN na MIDI OUT. Tumepewa iPad iliyo na GarageBand, ile apu ya muziki ya Apple. Vinaweza kuongea ama tununue kontrola? Halafu pedali ya kurefusha sauti siku hizi inafanya kinyume, nikikanyaga ndio sauti inakatika. – Mwalimu wa kwaya, Kawangware

JIBU: Mwalimu, msinunue kontrola. MIDI ni ya 1983 na kinanda cha zamani kinaongea lugha ile ile na iPad ya leo, na kusema ukweli vitufe vya hicho kinanda vitakupendeza kuliko vile vidogo vya kontrola. Mnahitaji waya wa MIDI kwenda USB, pamoja na adapta ya kamera ya Apple kama iPad ni ya tundu la Lightning. Kwa waya nyingi kichwa kilichoandikwa IN ndicho kinaingia OUT ya kinanda, watu huchomeka IN kwa IN halafu wanasema kinanda kimekufa. Ikikataa geuza tu, hakuna kitu kitaungua. Sauti ya kinanda shusha mpaka chini ama uzime Local kwenye menyu yake, ili vitufe visipige sauti za kinanda chenyewe, la sivyo mtasikia sauti mbili kwa kila noti, na kutoka iPad kwenda mixa ya kanisa pitieni waya.

Pedali: zima kinanda, ichomeke, usiikanyage kabisa, ndio uwashe. Vinanda vingi huisoma pedali wakati vinawaka, sasa mguu ukiwa juu yake kinadhani hiyo ndio hali ya kuachiliwa.

SWALI: Pedi za kugonga ngoma kwa kontrola yangu ziko 8 lakini zinapiga ngoma tatu tu, zingine kimya. Zimeharibika? – Msomaji, Rongai

JIBU: Hapana. Kila pedi inatuma namba ya noti. Kwa mpangilio uliozoeleka kiki ni 36, sneya ni 38, haihati iliyofungwa ni 42, sasa pedi ikituma namba ambayo apu haijaweka ngoma, unapata kimya. Hamisha ngoma kwa apu zifuate pedi, ama ubadilishe namba za pedi. Kama kontrola yako inabadilishwa na programu ya kompyuta, azima laptop ya rafiki kwa dakika 10, ukishahifadhi ndani ya kontrola zinabaki humo na simu itazikuta.